Kosa lilelile mara nne: usalama wa sauti zinazopita hewani

Kila siku mamilioni ya watu huzungumza na jamaa zao walio mbali kwa simu za mkononi na kwa mitandao isiyotumia waya. Sauti hizo hufumbwa ili zisisikiwe na wasiohusika. Hata hivyo, watafiti wa vyuo vikuu wameonyesha zaidi ya mara moja kwamba fumbo hilo hufumbuliwa kutokana na kosa moja, kosa kongwe kuliko simu za mkononi zenyewe.

Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Ndivyo walivyonena wahenga wetu, na huenda hawakujua kwamba ipo siku usemi huo ungewahusu wahandisi wa mawasiliano.

Mpenzi msikilizaji, ikiwa unatusikiliza ukiwa Muscat, Dubai, London au Minneapolis, bila shaka una ndugu, mzazi au mwenza aliye mbali nawe, na sauti yake hukufikia kwa njia ya hewa. Mnazungumza habari za ugonjwa, mirathi, mahari, fedha za ada, na pengine mambo ya siasa ambayo si kila mtu angependa yajulikane kwamba ameyatamka. Je, ni nani mwingine awezaye kuyasikia mazungumzo hayo? Makala yetu ya leo inaliangalia swali hilo kwa kupitia kazi za watafiti waliojitwika jukumu la kuyavunja mafumbo hayo kwa makusudi, ili wengine wapate kuyaimarisha.

Kwanza ni vyema kuelewa kwamba wimbi la redio halina siri. Waya humfikisha ujumbe yule aliyeunganishwa nao, lakini wimbi hupenya ukuta, huvuka barabara na kuingia katika nyumba ya jirani. Kila aliye na kifaa kinachofaa, naye akiwa karibu, anaweza kulinasa bila ya mwenyewe kujua. Kwa kituo cha redio jambo hilo ni neema, kwani lengo lake ni kusikika na wote. Kwa mazungumzo ya faragha ni hatari. Kwa kuwa wimbi haliwezi kufichwa, kinachobaki ni kuyaficha maneno yaliyomo ndani yake.

Sauti isiyoweza kusubiri

Unapozungumza kwa njia ya intaneti, kifaa chako huikata sauti yako vipande vidogo vidogo, kwa kawaida kila kimoja kikiwa na urefu wa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Kila kipande hutiwa katika kifurushi chake na kurushwa. Kwa hiyo vifurushi 50 huondoka katika kila sekunde moja, na baadhi yao hupotea njiani, hasa pale wimbi linapokuwa dhaifu.

Barua iliyopotea inaweza kutumwa tena. Sauti haiwezi. Kifurushi kilichochelewa hata nusu sekunde hakina faida, kwani mazungumzo yamekwisha songa mbele. Ndiyo maana wahandisi wanaposhughulikia sauti na picha zinazotiririka hupenda aina ya fumbo linaloruhusu kila kifurushi kifunguliwe peke yake, bila ya kukisubiri kilichotangulia.

Fumbo la aina hiyo hufanya kazi kama ifuatavyo. Simu yako na kituo unachowasiliana nacho huwa na ufunguo mmoja wa siri. Kutokana na ufunguo huo, kila upande huzalisha mfululizo mrefu wa tarakimu zisizotabirika, ambao katika makala hii tutauita mtiririko wa ufunguo. Mtumaji huijumlisha sauti yake, iliyokwisha geuzwa kuwa tarakimu, pamoja na mtiririko huo. Mpokeaji, ambaye ana mtiririko uleule, huutoa, na sauti hurudi katika hali yake.

Tuchukue mfano mdogo. Tuseme ujumbe ni 7 na 3, na mtiririko wa ufunguo ni 5 na 8. Ukijumlisha na kuacha makumi, utapata 2 na 1. Hizo ndizo tarakimu zinazopita hewani. Mdukuzi anayezinasa haambulii kitu, kwa sababu ujumbe wowote ule ungeweza kutoa 2 na 1 kwa mtiririko mwingine. Mwaka 1949 mwanahisabati wa Kimarekani Claude Shannon alichapisha uthibitisho kwamba fumbo la namna hii haliwezi kuvunjwa kabisa, mradi mtiririko uwe wa kubahatisha kweli, uwe na urefu sawa na ujumbe, na usitumike tena.

Sharti hilo la mwisho ndilo kiini cha mkasa wetu. Tuseme mtumaji, kwa uvivu au kwa kutojua, ametuma ujumbe wa pili, yaani 4 na 6, kwa mtiririko uleule wa 5 na 8. Hewani zitapita 9 na 4. Sasa mdukuzi ana jozi mbili. Akitoa moja kutoka katika nyingine, mtiririko wa ufunguo hujifuta wenyewe, kwani umo katika pande zote mbili, na kinachobaki ni tofauti kati ya jumbe mbili. Iwapo anaujua ujumbe wa pili, basi wa kwanza ameupata papo hapo. Hahitaji kuujua ufunguo. Hahitaji kompyuta yenye nguvu. Anahitaji kutoa na kujumlisha tu.

Kosa hili lina historia. Mapema mwaka 1942, katika joto la vita vikuu vya pili vya dunia, watengenezaji wa vitabu vya funguo za siri katika Umoja wa Kisovieti walichapisha baadhi ya kurasa mara mbili. Wataalamu wa jeshi la Marekani waliokuwa Arlington Hall, jimboni Virginia, walianza kuzichambua simu za maandishi za Kisovieti mwaka 1943, na kutokana na kurasa hizo zilizorudiwa waliweza kusoma sehemu ya jumbe za majasusi. Kazi hiyo, iliyokuja kujulikana kwa jina la Venona, iliendelea hadi mwaka 1980 na haikutangazwa hadharani hadi mwaka 1995.

Mtu angedhani kwamba funzo hilo lingetosha. Halikutosha.

Berkeley na Darmstadt: kaunta iliyokuwa fupi mno

Mwaka 1997 taasisi ya wahandisi ya IEEE ilitoa kiwango cha kwanza cha mitandao ya kompyuta isiyotumia waya, ambayo leo tunaiita Wi-Fi. Ndani yake mlikuwa na mfumo wa ulinzi ulioitwa WEP. Ili mtiririko wa ufunguo usirudiwe, kila kifurushi kilipewa namba yake, na namba hiyo ilichanganywa na ufunguo wa siri. Wazo lilikuwa jema, lakini nafasi iliyotengwa kwa ajili ya namba hiyo ilikuwa ya biti 24 tu. Maana yake ni kwamba kulikuwa na namba zipatazo milioni 16.7, na baada ya hapo ni lazima kurudi mwanzo.

Milioni 16 ni nyingi kwa mwenye kuhesabu kwa vidole, si kwa mashine. Mwaka 2001 watafiti Nikita Borisov, Ian Goldberg na David Wagner walikokotoa kwamba kituo cha Wi-Fi chenye shughuli nyingi kingezimaliza namba zote katika muda wa saa tano hivi. Na iwapo namba zingechaguliwa kwa kubahatisha, uwezekano wa mbili kufanana ungefikia nusu baada ya vifurushi visivyozidi 5,000, jambo ambalo huchukua muda mfupi mno. Borisov na Wagner walikuwa wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley.

Mwaka huohuo Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir walionyesha udhaifu wa pili, wa kutisha zaidi. Kwa kuwa namba ya kifurushi hupita hewani ikiwa wazi, na kwa kuwa iliunganishwa moja kwa moja na ufunguo usiobadilika, iliwezekana kuugundua ufunguo wenyewe. Miaka sita baadaye, mwaka 2007, Erik Tews, Ralf-Philipp Weinmann na Andrei Pyshkin wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Darmstadt, hapa Ujerumani, waliishusha kazi hiyo hadi chini ya dakika moja. Vifurushi 40,000 viliwatosha kuupata ufunguo mara moja katika kila majaribio mawili.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya maabara. Januari mwaka huohuo wa 2007, kampuni ya maduka ya TJX ya Marekani ilitangaza kwamba kompyuta zake zilikuwa zimeingiliwa. Baadaye ilisema kuwa taarifa za kadi za benki zipatazo milioni 45.7 ziliibwa. Uchunguzi wa kamishna wa faragha wa Canada, uliotolewa Septemba 2007, uliilaumu kampuni hiyo kwa kuchelewa kuachana na WEP. Utafiti wa mwaka 2001 ulikuwa umekwisha tahadharisha.

Leuven: ufunguo uliowekwa mara mbili

Baada ya WEP ulikuja mfumo wa WPA, na mwaka 2004 ukafuata WPA2, unaotumia fumbo imara la AES lililobuniwa na Wabelgiji Joan Daemen na Vincent Rijmen. Namba ya kifurushi sasa ikawa ya biti 48, nafasi kubwa ambayo hakuna mtandao wa nyumbani utakaoimaliza. Wanahisabati walithibitisha kwamba hatua za kupeana ufunguo zilikuwa salama. Kwa muda wa miaka 13 watu walilala usingizi.

Tarehe 16 Oktoba 2017 Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha KU Leuven nchini Ubelgiji, akishirikiana na Frank Piessens, aliuamsha ulimwengu. Ugunduzi wao uliitwa KRACK.

Simu yako inapojiunga na Wi-Fi, pande mbili hubadilishana jumbe nne. Katika ujumbe wa tatu simu huambiwa iuweke ufunguo na kuanza kuhesabu vifurushi kuanzia mwanzo. Katika wa nne simu hujibu kwamba imeuweka. Lakini hewani jumbe hupotea. Ndiyo maana kanuni iliruhusu kituo kuutuma ujumbe wa tatu tena kama hakikupata jibu. Vanhoef alijiuliza: vipi ikiwa mtu atauzuia ujumbe wa nne kwa makusudi? Kituo kitarudia ujumbe wa tatu, simu itauweka upya ufunguo uleule, na hesabu itarudi mwanzo. Mtiririko wa ufunguo uliokwisha tumika utatumika tena.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Fumbo la AES halikuvunjwa, na uthibitisho wa wanahisabati haukuwa na kosa. Uthibitisho ule ulihusu usiri wa ufunguo, wala haukuuliza ni mara ngapi ufunguo huo ungewekwa. Nyumba ilikuwa na kufuli bora, lakini hakuna aliyekagua iwapo mlango ungeweza kufungwa mara mbili kwa namna ya kuuacha wazi. Hali ilikuwa mbaya zaidi kwa baadhi ya simu za Android za wakati ule, ambazo ziliporudia kuuweka ufunguo ziliweka ufunguo wa sifuri tupu.

Watafiti hao waliwaarifu watengenezaji kabla ya kutangaza hadharani, na dawa ilipatikana kwa njia ya programu mpya, bila ya kulazimika kununua vifaa vingine. Mwaka 2018 ulitangazwa mfumo wa WPA3.

Bochum na Abu Dhabi: simu ya pili inayoisaliti ya kwanza

Tukio la nne linatuhusu sisi wenye kupiga simu moja kwa moja. Agosti 2020 David Rupprecht, Katharina Kohls na Thorsten Holz wa Chuo Kikuu cha Ruhr mjini Bochum, pamoja na Christina Pöpper wa tawi la Chuo Kikuu cha New York lililoko Abu Dhabi, walitangaza shambulio walilolipa jina la ReVoLTE. Walikuwa wamechunguza simu za sauti zinazopita katika mitandao ya kizazi cha nne.

Kanuni za mitandao hiyo zinataka kila simu ifumbwe kwa mtiririko mpya. Lakini watafiti waligundua kwamba baadhi ya minara, pale simu mbili zinapofuatana kwa karibu kabla ya mawasiliano kati ya simu na mnara kukatika, huirudia hesabu kuanzia mwanzo kwa ufunguo uleule.

Fikiri, msikilizaji. Umezungumza na wakili wako. Karibu nawe yupo mtu mwenye chombo cha kunasa mawimbi, naye ameirekodi simu yako ikiwa bado ni fumbo. Mara tu unapoikata, simu yako inalia tena. Ni mgeni anayedai amekosea namba, au anayeuliza bei ya kitu fulani, na wewe kwa adabu unamjibu. Mazungumzo hayo ya pili yeye anayajua, kwani ni mmoja wa wazungumzaji. Kama katika mfano wetu wa tarakimu, sasa anatoa, anajumlisha, na simu yako kwa wakili inafumbuka. Kadiri anavyokuweka kwenye simu ndivyo anavyoisikia sehemu kubwa zaidi ya mazungumzo ya kwanza. Ukarimu wa kumsikiliza mgeni ndio unaolipa gharama.

Kati ya minara 15 iliyojaribiwa, mingi yake ikiwa Ujerumani, 12 ilikuwa na kasoro hiyo. Watafiti walikuwa wameuarifu umoja wa makampuni ya simu, GSMA, mwezi Desemba 2019, miezi kadhaa kabla ya kuchapisha, ili makampuni yapate nafasi ya kurekebisha minara. Aidha, walitoa programu ya kuwasaidia mafundi kuitambua minara iliyobaki na kasoro.

Umbo la sauti chini ya shuka

Je, kama kaunta ni ndefu, mtiririko haurudiwi na mnara ni mzima, tumesalimika? Si kikamilifu.

Mwaka 2004 ilitolewa kanuni ya kimataifa ya kufumba sauti na picha zinazotiririka katika intaneti, iitwayo SRTP. Waandishi wake walilijua vyema kosa tunalolizungumzia na kulitolea onyo. Namba iliyomo katika kifurushi cha sauti ni ya biti 16 tu, na kwa vifurushi 50 kwa sekunde huisha katika dakika 22 hivi. Kwa hiyo waliongeza kaunta ya pili inayohesabu ni mara ngapi ya kwanza imezunguka. Kwa pamoja zinatosha kwa mazungumzo ya zaidi ya miaka 170,000.

Lakini fumbo la mtiririko halibadilishi urefu wa kile linachokifumba. Na baadhi ya mifumo ya kubana sauti hutumia vifurushi vikubwa kwa sauti nzito na vidogo kwa sauti nyepesi. Mwaka 2007 Charles Wright na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani walijiuliza iwapo urefu huo pekee unaweza kueleza lugha inayozungumzwa. Walichukua sauti za wazungumzaji wa lugha 21, Kiswahili kikiwa miongoni mwao. Bila ya kufumbua hata neno moja, waliitambua lugha kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 66. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba hata baadhi ya vifungu vya maneno vinaweza kutambuliwa.

Ni kama mtu aliyejifunika shuka: sura yake huioni, lakini kimo na mwendo wake vinamtambulisha. Kwa mtu aliye ugenini, kule kujulikana tu kwamba nyumbani mwake huzungumzwa lugha fulani huweza kuwa habari kubwa. Dawa ilipendekezwa rasmi mwaka 2012: mazungumzo nyeti yatumie vifurushi vya urefu usiobadilika, au yajazwe kitu cha ziada ili vyote vilingane. Gharama yake ni kutumia nafasi zaidi ya mtandao, na hapo ndipo usalama na uchumi hugongana.

Kwa nini siri hizi zitangazwe?

Huenda unajiuliza, msikilizaji, kwa nini wasomi hawa wanazitangaza kasoro badala ya kuzinyamazia. Je, hawawafundishi wezi?

Jibu limo katika mpangilio wa matukio tuliyoyaeleza. Wale waliosoma jumbe za Kisovieti walikaa kimya kwa zaidi ya miaka 50, na ukimya huo ulikuwa na faida kwa msikilizaji wa siri, si kwa mwenye siri. Vanhoef na watafiti wa Bochum na Abu Dhabi walifuata njia nyingine: walimwarifu mwenye nyumba kwanza, wakampa muda wa kutengeneza, kisha wakautangazia ulimwengu. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mwalimu wa lugha mzaliwa wa Uholanzi, aliandika mjini Paris kwamba mfumo wa siri uwe salama hata ukiangukia mikononi mwa adui, mradi ufunguo pekee ndio unaofichwa. Mfumo unaoogopa kuchunguzwa hautegemewi.

Kwa upande wetu sisi watumiaji, yapo machache yaliyo mikononi mwetu. Programu za simu na za kifaa cha Wi-Fi cha nyumbani zisasishwe, kwa sababu dawa ya KRACK ilikuja kwa njia hiyo, na kifaa ambacho mtengenezaji wake ameacha kukihudumia ni kama mlango usio na fundi. Mtandao unaoonyesha kwamba unalindwa na WEP usiaminiwe hata kidogo. Na mazungumzo mazito ni afadhali yapite katika programu zinazoyafumba kuanzia simu moja hadi nyingine, ili hata mnara ukikosea, chini yake pawe na fumbo la pili.

Kuhusu minara yenyewe hatuna uwezo nayo. Hiyo ni amana iliyo mikononi mwa makampuni, na ni haki ya mteja kuuliza inatunzwa vipi.

Mpenzi msikilizaji, kutoka Virginia hadi Abu Dhabi hesabu za kufumba zimekuwa imara zaidi mwaka hadi mwaka. Kosa limebaki lilelile, la kutumia mara mbili kilichopaswa kutumika mara moja, na kila mara limejificha mahali ambapo hakuna aliyedhani pa kutazama. Wamelikuta waliopewa nafasi ya kutazama.